Gari la Nyumbani: Oili Ikitoka Kwenye Gurudumu la Nyuma

Miongoni mwa mambo yanayoulizwa mara kwa mara na wenye magari ya zamani ya dizeli ni hili: gari limelala uani usiku kucha, na kulipokucha upande wa ndani wa tairi moja la nyuma unaonekana umelowa, una michirizi myeusi, nayo michirizi hiyo yanuka kama kiberiti. Je, hilo ni jambo la kumhangaisha mwenye gari, au laweza kungoja mwisho wa mwezi mshahara utakapopatikana?

Jibu langu ni fupi: lisingoje. Lakini jibu fupi halimfai mtu ambaye fedha zake ni chache na gari ndilo linalomlisha. Kwa hiyo juma hili nitaeleza kwa urefu oili hiyo hutoka wapi, kwa nini hutoka, ni vipuri gani vya ekseli ya nyuma vinavyopasa kubadilishwa, na kwa utaratibu upi. Nitatumia mfano wa gari ninalolifahamu vizuri, yaani Land Rover Series III ya dizeli, ile ndefu. Gari hilo lilitengenezwa Uingereza tangu mwaka 1971 hadi 1985, na injini yake ya dizeli ina ukubwa wa lita 2.25. Vijijini bado yapo yanayofanya kazi, kwa sababu mtu mwenye spana, nyundo na subira aweza kulifungua gari hilo na kulifunga tena.

YALIYOTUPATA NJIANI

Shemeji yangu ni mwalimu. Alikuwa na Land Rover ya namna hiyo, na siku za mapumziko aliitumia kuteremsha mboga kutoka Bugarama kwenda Bujumbura. Wanaoifahamu barabara ile hawahitaji kuelezwa. Bugarama iko juu milimani, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na Bujumbura iko chini kando ya Ziwa Tanganyika, hata haifiki mita 800. Tofauti yote hiyo barabara huimaliza kwa kilometa zipatazo 30 tu, kona baada ya kona, mlima upande mmoja na bonde upande wa pili. Njiani kuna malori, kuna waendesha baiskeli wanaoteremka na mikungu ya ndizi, na wengine wanaopanda wakiwa wameshika nyuma ya malori.

Mwaka 2011 gari la shemeji lilianza kuvuta upande wa kulia kila alipokanyaga breki. Alilipeleka katika gereji moja ya mjini. Dramu ya gurudumu la nyuma la kushoto ikafunguliwa, ikakutwa imejaa oili. Fundi akaziosha breki kwa petroli, akazikwaruza kwa msasa, akafunga, akalipwa. Baada ya majuma mawili hali ikarudi ile ile. Shemeji akarudi, fundi akaosha tena, akalipwa tena. Mara ya tatu vile vile.

Ndipo siku moja ya Jumamosi, gari likiwa na makabichi na karoti, na dada yangu na mwanawe wameketi mbele, shemeji alikanyaga breki katikati ya mteremko. Breki zilikuwa zimekwisha kupata moto. Gurudumu la kushoto la nyuma halikushika kabisa. Gari likavuta kulia, likaacha barabara na kuingia katika mtaro wa upande wa mlima. Makabichi yalitapakaa, rimu moja ilipinda, lakini watu wote walitoka salama. Dada alishuka, akavuka barabara, akatazama bonde lililokuwa upande wa pili, kisha akarudi akamwambia mumewe: "Baba fulani, gari hili lisinibebe tena mpaka mjue lina nini."

Nayaeleza haya kwa sababu fundi yule hakuwa mwongo. Breki zilikuwa na oili, naye aliitoa. Kosa lake ni kwamba hakujiuliza oili ile imetoka wapi.

EKSELI YA NYUMA IMEUNGWAJE

Yafaa kwanza tuelewe umbo la kitu chenyewe. Ekseli ya nyuma ni bomba refu la chuma, na katikati yake kuna difu. Nguvu ya injini hufika kwenye difu kwa propela shafti, na difu huigawa kwa magurudumu mawili kwa kupitia shafti mbili zilizomo ndani ya bomba, moja kulia na moja kushoto. Kila shafti huishia nje ya gurudumu, nayo hufungwa kwenye habu kwa boliti sita.

Katika Land Rover shafti hiyo haibebi uzito wa gari. Uzito hubebwa na bomba la ekseli lenyewe, kwa beringi mbili za roli zilizo ndani ya habu ya kila gurudumu. Shafti kazi yake ni kuzungusha tu. Ndiyo maana mtu aweza kufungua boliti zile sita na kuichomoa shafti bila hata kulitoa gurudumu.

Ndani ya difu kuna oili nzito ya gia, ile ambayo mafundi huiita namba 90. Oili hiyo husafiri kando ya shafti mpaka kwenye habu. Kinachoizuia isimwagike kwenye breki ni kitu kidogo sana: sili ya mpira, iliyo upande wa ndani wa habu. Mdomo wa sili hiyo hugusa pete ya chuma iliyovikwa kwenye ncha ya ekseli. Mpira ukigusa chuma laini, oili hubaki mahali pake. Mguso huo ukiharibika, oili huingia ndani ya dramu, na kiatu cha breki kilicholowa oili hakishiki chuma.

CHANZO NA MATOKEO

Baada ya ajali ile tulimwendea mzee mmoja, fundi wa siku nyingi katika mtaa wa Buyenzi mjini Bujumbura, mtaa unaosifika kwa mafundi wa magari na kwa Kiswahili. Mzee hakugusa spana. Aliingia chini ya gari na kitambaa, akapangusa udongo juu ya bomba la ekseli, akatuonyesha kidude kidogo ambacho sote wawili hatukuwahi kukiona. "Hapa ndipo ekseli inapopumulia," alisema. "Nanyi mmeiziba pua."

Maneno hayo yana maana hii. Oili ya difu ikipata moto, hewa iliyo ndani ya ekseli hutanuka. Hewa hiyo hutokea katika tundu la kupumulia lililo juu ya bomba. Tundu likizibwa na matope yaliyokauka, hewa hukosa njia, nayo husukuma oili itokee mahali palipo dhaifu zaidi, yaani kwenye sili. Waweza kutia sili mpya kila mwezi. Tundu likiwa limeziba, kila sili itavuja.

Alipofungua habu alitukuta na mengine matatu. Sili ilikuwa imekauka na kuwa ngumu kama ganda la nazi. Pete ya chuma ilikuwa na mfereji mwembamba uliochimbwa na mdomo wa sili kwa miaka mingi, hata ukipitisha ukucha wa kidole unakwama. Nazo beringi zilikuwa zimelegea, habu ikicheza, na habu inayocheza huitikisa sili huku na huku mpaka mdomo wake uachane na chuma.

Basi palikuwa na makosa manne yaliyofuatana kama watoto wa baba mmoja: tundu lililoziba, beringi iliyolegea, pete iliyochimbika na sili iliyokauka. Breki zenye oili zilikuwa za tano, nazo ndizo pekee tulizokuwa tumezishughulikia. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini yapasa kwanza uujue ufa ulipo, usije ukapaka chokaa upande usiopasuka.

BREKI YA MKONO ITAKUDANGANYA

Kabla sijaeleza kazi yenyewe, lazima nikiri kosa letu sisi. Kabla ya kumwendea mzee, mimi na shemeji tulijaribu kulifungua gurudumu hilo wenyewe, uani kwake, mahali penye mwinamo mdogo. Tulivuta breki ya mkono kwa nguvu, tukatia gia, tukainua upande wa kushoto wa nyuma kwa jeki. Tulijiona tumekwisha kuwa salama. Nilipokuwa nimelala ubavu nikitazama nyuma ya dramu, gari lilisogea mbele taratibu, jeki ikalala, na ekseli ikaanguka. Lililoniokoa mkono ni gurudumu la akiba ambalo tulikuwa tumelisukumia chini ya fremu kwa ajili ya kuketi.

Sababu yake tuliielewa baadaye, na nataka kila mwenye gari hili aielewe leo. Katika magari mengi breki ya mkono hushika magurudumu ya nyuma yenyewe. Katika Land Rover ya zamani haishiki magurudumu. Hushika propela shafti, nyuma ya gia boksi. Gurudumu moja la nyuma likiwa hewani, difu huliruhusu lizunguke peke yake, na lile lililo chini likaviringika upande wa pili, ijapokuwa propela shafti imeshikwa barabara. Ndivyo ilivyo pia ukichomoa shafti moja: breki ya mkono haina tena kazi, na gia nayo haina kazi.

Kwa hiyo, egesha mahali tambarare. Weka kabari za mbao mbele na nyuma ya magurudumu yote mawili ya mbele. Vuta nyuma kirungu chekundu ili magurudumu ya mbele nayo yaungane na mashine, utie gia na uvute breki. Lakini usitegemee hayo badala ya kabari. Ukishainua, weka chini ya ekseli stendi ya chuma au magogo mapana yaliyokaa imara. Usitumie matofali wala mawe, kwa sababu hupasuka bila kuonya. Na mtoto asikaribie mpaka gari liwe limerudi chini kwa miguu yake minne.

VIPURI NA VIFAA

Usianze kazi hii ukiwa na sili moja mkononi. Kwa upande mmoja wa ekseli, nunua vitu hivi kwa pamoja: sili ya habu, pete yake ya chuma, beringi mbili pamoja na vikombe vyake, washa ya kufungia nati, gasketi ya karatasi ya shafti, na oili ya gia namba 90 ya kutosha. Viatu vya breki vinunuliwe vya magurudumu yote mawili ya nyuma. Kiatu kilichokwisha kunywa oili hakioshiki: petroli huondoa oili ya juu tu, na breki ikipata moto ile ya ndani hutoka tena. Tena ukiweka kipya kushoto na cha zamani kulia, gari litavuta upande.

Beringi na kikombe chake huuzwa pamoja na hufungwa pamoja. Usikubali kuchanganya beringi mpya na kikombe cha zamani, ingawa muuzaji atakuambia zinalingana. Sili ikague kwa vidole kabla ya kulipa: iwe laini, mdomo wake uwe mkali, na springi yake nyembamba isiwe na kutu. Sili iliyokaa dukani juani miaka kumi ni mpya kwa jina tu.

Kuhusu spana, kumbuka kwamba gari hili limefungwa kwa nati za inchi, si za milimita. Spana ya milimita 13 huingia kwenye nati ya nusu inchi na kukupa moyo, kisha huila kona zake. Kwa nati kubwa za habu tafuta boksi spana yake mahususi. Mtu anayezipiga kwa patasi na nyundo humwachia fundi wa baadaye kazi ngumu zaidi.

KAZI YENYEWE

Kwanza hakikisha kilichovuja ni oili ya difu. Kikiwa kizito na chenye harufu ya kiberiti, ndiyo. Kikiwa chepesi kama maji na kimebabua rangi, hicho ni mafuta ya breki, na ubovu uko kwenye silinda ya gurudumu, si kwenye sili.

Pili, fungua kizibo cha kujazia oili kabla ya kile cha kumwagia. Watu wengi hufanya kinyume: humwaga oili yote, halafu hugundua kwamba kizibo cha juu kimeshikwa na kutu na hakifunguki, na gari limebaki halina oili wala njia ya kuitia. Oili inapotoka, itazame. Vumbi laini la chuma ni uzee wa kawaida. Vipande vinavyoweza kushikwa kwa vidole ni habari mbaya kutoka kwenye difu, na hapo simamisha kazi umwite fundi.

Tatu, toa gurudumu, kisha fungua boliti sita za shafti, uichomoe moja kwa moja bila kuiinamisha. Tazama meno yaliyo kwenye ncha yake ya ndani. Yakiwa yamesokotwa kama kamba, hata kidogo, shafti hiyo imechoka, na haifai kurudishwa. Ikiwa imekatika, kipande kilichobaki ndani lazima kitafutwe na kutolewa chote, pamoja na chembe zake.

Nne, fungua skrubu za dramu na uitoe. Kisha nyoosha washa iliyokunjwa, fungua nati ya nje, toa washa, fungua nati ya ndani, na uvute habu yote pamoja na beringi zake. Sasa waweza kuona sili na pete. Ng'oa sili, gonga vikombe vya beringi vitoke, na usafishe kila kitu kwa mafuta ya taa mpaka chuma king'ae.

Tano, itazame pete ya chuma. Ikiwa ukucha unakwama, ibadili. Hapa ndipo watu wengi wanapobana fedha, na hapa ndipo kazi yote inapoharibikia, kwa sababu sili mpya ikiwekwa juu ya mfereji wa zamani huvuja tangu siku ya kwanza.

Sita, gonga vikombe vipya mpaka vikae chini kabisa. Sauti ya nyundo hubadilika vinapofika. Jaza beringi grisi kwa kiganja, si kwa kupaka juu juu, bali kwa kusukuma mpaka itokee upande wa pili. Ingiza beringi ya ndani, kisha sili, mdomo wake ukitazama beringi. Igonge pole pole kwa ubao uliolala sawa, wala usiigonge kwa nyundo tupu. Paka mdomo wa sili grisi kidogo usije ukaungua siku ya kwanza.

Saba, rudisha habu na kaza nati ya ndani huku ukiizungusha kwa mkono mpaka uione imekuwa nzito. Kisha ilegeze kidogo. Kinachotakiwa ni mchezo mdogo sana, baina ya milimita 0.10 na 0.15, ambao hupimwa kwa saa ya kupimia. Weka washa mpya, kaza nati ya nje, halafu pima tena, maana nati ya nje nayo husukuma ya ndani. Ukiridhika, kunja washa ili nati zisijifungue. Beringi iliyobanwa sana huungua. Iliyolegea sana huua sili. Pasipo saa ya kupimia, hatua hii mwachie fundi aliyezoea.

Nane, funga viatu vipya vya breki, dramu na shafti pamoja na gasketi yake mpya. Fanya vivyo hivyo upande wa pili, kwa sababu sili mbili zilizozaliwa siku moja huzeeka pamoja. Kisha fungua tundu la kupumulia, lisafishe kwa mafuta ya taa, uhakikishe linapitisha hewa. Ni kazi ya dakika kumi, nayo ndiyo inayolinda kazi yote ya kutwa nzima.

Mwisho, gari likiwa limesimama sawa, jaza oili mpaka ianze kutoka kwenye tundu la kujazia. Ekseli ya Land Rover ndefu huchukua kadiri ya lita 2.5, ile fupi, yenye ekseli ndogo, huchukua kadiri ya lita 1.75. Usiongeze zaidi kwa kudhani unalifanyia gari hisani. Oili iliyozidi hutafuta njia ya kutoka, na njia yake ni ile ile ya sili.

Rekebisha breki, kisha endesha kilometa chache barabara tambarare. Simama, weka kiganja karibu na habu zote mbili. Joto la kuvumilika ni sawa. Ile inayochoma imebanwa mno. Kesho yake kaza tena nati za magurudumu.

MWENYE GARI LA AINA NYINGINE

Baadhi ya wasomaji wana pikapu au gari dogo la dizeli ambalo shafti yake ya nyuma huzungusha na pia hubeba uzito. Namna hiyo ni ya kawaida katika pikapu nyingi, kama vile Toyota Hilux za zamani. Hapo beringi hukaa juu ya shafti yenyewe, ikiwa imeshinikizwa kwa mashine, na ndiyo inayolizuia gurudumu lisitoke. Beringi hiyo au pete inayoishika ikiharibika, shafti, dramu na gurudumu vyaweza kutoka vyote kwa pamoja gari likiwa mwendoni. Ukisikia mlio wa kuvuma nyuma unaoongezeka kadiri mwendo unavyoongezeka, usiuzoee. Na beringi hiyo usijaribu kuitoa kwa nyundo nyumbani. Ipelekwe kwenye mashine ya kushinikiza.

KWA WALIO NYUMBANI

Vumbi la breki za magari ya zamani laweza kuwa na asbesto, ambayo huharibu mapafu. Usilipulize kwa mdomo wala kwa pampu ya upepo. Lipanguse kwa kitambaa kilicholowa maji, kisha kitambaa hicho kitiwe katika mfuko na kufungwa. Nguo za kazi hiyo zisikung'utwe ndani ya nyumba, wala zisifuliwe pamoja na nguo za mtoto. Usisafishe vipuri kwa petroli, hasa karibu na jiko la mkaa. Nayo oili chafu isimwagwe mtaroni au karibu na kisima: itiwe katika dumu lenye kifuniko, liandikwe wazi kwamba ni oili, na lisiwekwe karibu na madumu ya maji au ya mafuta ya kupikia.

HESABU YA MWISHO

Shemeji alipomaliza kumlipa mzee, tuliketi tukapiga hesabu. Malipo matatu ya kuosha breki, pamoja na rimu iliyopinda na mboga zilizopotea, yalikuwa yamezidi bei ya vipuri vyote vya pande mbili na ujira wa fundi. Wala hatukuhesabu kilichokuwa upande wa pili wa barabara, kwa kuwa hicho hakina bei.

Dada alikubali kupanda gari tena, kwa sharti moja. Tangu siku ile, kila asubuhi kabla ya safari, yeye mwenyewe huzunguka nyuma ya gari na kitambaa cheupe, hupangusa upande wa ndani wa matairi mawili, na hukitazama kitambaa. Kikitoka kikavu, huketi mbele. Ni ukaguzi usiohitaji fundi wala fedha, na nawasihi wasomaji wote wenye magari ya zamani wauige.

Juma lijalo tutazungumza juu ya springi za majani na sababu zinazozifanya zivunjike. Hadi hapo, nawatakia safari njema.